Mfereji wa Vidole Vitatu

Funguo za karakana ya rola nilizirudisha mwezi uliopita, na tangu siku hiyo watu wawili wamepita hapa kwangu kuniuliza kama sijaanza kuugua. Inasemekana mstaafu akikaa nyumbani huharibika kama majani ya chai yaliyosahauliwa ndani ya gunia. Sijui. Mimi nimekaa nyumbani maisha yangu yote. Hata kazi yenyewe niliitafuta kwa sababu bomba la moshi la kiwanda lilionekana kutoka mlangoni kwa mama, na jioni, nikitoka karakana, niliuona mlango wa mama. Kama kiwanda kingejengwa nyuma ya kilima cha pili ningebaki kuwa mkulima, tena wa kuchekwa.

Ninyi mliobaki karakana mliniambia siku ile ya soda na keki niwaandikie niliyojifunza. Nilijaza kurasa mbili za mafuta, beringi na mikanda, kisha nikazitupa, maana hayo yote yamo kwenye kitabu cha mashine ambacho hamjakifungua. Badala yake nitawaandikia juu ya Mzee Chumo, aliyenifundisha kazi, na jinsi alivyorudishwa kwao kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nina hakika halikuwa lake, kwa kuwa aliyelitenda ni mimi, kwa mwiko wa mwashi na ndoo moja.

Najua mnajua rola ni nini, lakini wake zenu watasoma karatasi hii pia, tena wao watafika mwisho. Basi: jani la chai likishanyauka hupitishwa kati ya rola mbili za chuma, ndefu kama mtoto wa darasa la tatu, zenye meno madogo pande zote. Moja huzunguka mbio, nyingine polepole, na jani likiingia katikati hukatwa, huraruliwa na kujikunja. Rola hizo hukaribiana mno bila kugusana. Mzee Chumo alizoea kusema nafasi iliyobaki ni unywele uliopasuliwa mara mbili. Meno yakiwa butu au yasiyo sawa, jani halikatwi ila linapondwa, chai inatoka na rangi ya maji ya kuoshea sufuria, na waonjaji wanaandika barua. Kwa hiyo kila baada ya muda rola hutolewa, huletwa karakana, na meno yake huchongwa upya kwenye mashine ya kukereza. Kazi yetu ilikuwa hiyo tu. Watu wawili, chumba kimoja nyuma ya kiwanda, mlango unaotazama mashamba.

Niliingia mwanzoni mwa miaka ya tisini na cheti changu cha Kidato cha Nne, chenye C ya fizikia ambayo mama aliitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Nilidhani Mzee Chumo ataomba kukiona. Hakuomba. Alinisimamisha mbele ya rola iliyotoka kuchongwa na kuniambia nifunge macho, nipitishe ukucha.

"Unasikia nini?"

"Meno, Mzee."

"Meno hata ng'ombe ako nayo. Unasikia nini?"

Nilipitisha tena. Nikasema sisikii kitu kingine.

"Basi utapitisha ukucha wiki hii yote," akasema. "Ukianza kusikia, utaniambia."

Nilipitisha ukucha hadi Alhamisi, nikiwa na aibu kama mtu anayekuna mgongo wa kitu kisicho chake. Alhamisi nikasikia. Palikuwa na jino moja, karibu na ncha ya kushoto, lililokuwa chini ya wenzake. Nilipomwonyesha hakunisifu. Alisema tu, "Weri, sasa unaweza kuvaa aproni." Weri kwetu ni kijana, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipoanza kuota upara.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mzee wa kanisa, mwenye koti la kaki lenye kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika. Alinifundisha kusikiliza beringi kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Alinifundisha kwamba chuma cha kuchongea kikinolewa vibaya huimba, na kikinolewa vizuri hunong'ona. Alikuwa na geji moja ya saa, ile yenye mshale unaoruka chuma kikipanda au kushuka kidogo, na aliifunga ndani ya soksi ya sufu ya mtoto. Soksi ilikuwa ya nani sikujua. Mambo ya kwake hakuyaleta kazini, nami sikuwa na mambo ya kuleta. Tulikula chakula cha mchana tukitazamana juu ya stuli mbili, kimya, na sijawahi tena kupata kimya kizuri kama kile.

Sasa nije kwenye mfereji. Mashine yetu haikusimama juu ya sakafu kama mashine nyingine. Ilikaa juu ya bonge lake la zege lililozama ardhini, na kati ya bonge hilo na sakafu ya chumba palikuwa na mwanya uliozunguka pande zote nne. Upana wake ulikuwa vidole vitatu na kina chake kilipita kiwiko changu. Tuliuita mfereji. Kila kitu kilichoanguka kiliishia humo: vipande vya chuma, nyuzi za chai, nati, mara moja panya. Kila Ijumaa mchana nilipiga magoti na waya uliopindwa na kuvua uchafu huo, kama mtu anayevua samaki mahali asipoishi samaki. Mzee Chumo alisisitiza. Angeweza kusahau birika likiungua, lakini hakusahau mfereji.

Sikumwuliza ni wa nini. Alikuwa wa rika la baba yangu, na kwetu kijana hamwulizi mtu wa rika la baba yake "kwa nini." Humwuliza "niweke wapi."

Katika mwaka wangu wa tatu Mzee alienda likizo kuvuna mahindi, kwake upande wa Ndanai, akaniachia chumba. Nilibaki peke yangu wiki tatu. Mtu mwingine angeenda mjini Litein kutembea. Mimi niliona nafasi ya kupapendezesha. Nilipaka kuta chokaa. Nilipanda ua ndani ya mkebe wa grisi na kuuweka dirishani. Nilishona pazia, naam, pazia, kutoka gunia la sukari. Na nyuma ya ukuta wetu mafundi walikuwa wakimaliza chumba kipya cha kuchekechea chai, wakaacha mifuko miwili ya saruji iliyofunguliwa. Nikaangalia saruji, nikaangalia mfereji, nikayakumbuka magoti yangu.

Aliyenikuta nikiziba ni Wanjiru, msimamizi wa kuchekecha, binti wa wenye duka kubwa la vitambaa pale Litein. Alikuwa amekuja kuangalia chumba chake kipya. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kibet, wewe ungezaliwa msichana ungekuwa umeolewa kitambo sana. Unafanya nini hapo chini?"

"Naziba panya."

"Na hiyo rangi nyekundu ni ya panya pia?"

"Hiyo ni ya sakafu. Ikikauka nitapaka, kila mahali iwe moja."

"Pazia, maua, sasa sakafu. Imebaki kitanda tu na picha ya harusi."

"Picha nitatoa wapi?"

"Hapo sasa," akasema, akaenda zake akicheka. Nilifikiria lile "hapo sasa" kwa miaka miwili hivi, mpaka alipoolewa Nakuru.

Mzee Chumo aliporudi aliingia, akaiona sakafu nyekundu ikiangaza, na alipofika kwenye mashine akainua mguu juu kuuruka mfereji ambao haukuwapo. Akatazama chini muda mrefu.

"Umeziba."

"Ndiyo, Mzee."

"Hm," akasema. "Basi magoti yako yamepona." Akavaa koti lake la kaki, tukaanza kazi.

Kwa wiki mbili tulichonga rola vizuri kabisa. Hilo ndilo lililonificha kosa langu. Kama mashine ingelia siku ileile, hata mimi ningeshtuka. Ilianza kulia pale chumba kipya cha kuchekechea kilipofunguliwa nyuma ya ukuta. Mashine za kuchekecha hazina kazi nyingine ila kutikisika. Zinatikisa chai ipite kwenye nyavu, kubwa kwa kubwa na vumbi kwa vumbi, tangu asubuhi hadi kiwanda kinapofungwa. Tulisikia mngurumo wao, tukalalamika kidogo juu ya kelele, tukazoea.

Halafu meno yakaanza kutoka na mawimbi. Ukitazama rola kwa mbali ni safi. Ukiiinamisha kwenye mwanga unaona mistari midogo, karibukaribu, kama alama za kitana kwenye nywele zilizolowa. Ukucha uliisikia mara moja. Mzee Chumo akaanza kazi ya kutafuta. Tulibadilisha chuma cha kuchongea. Tulikinoa, tukakifupisha, tukakaza kila bolti hadi spana ikakataa. Tulipunguza mwendo, tukaongeza mwendo. Tulitoa beringi nzima na kuweka mpya. Siku moja mawimbi yalipungua, tukashangilia, na kesho yake yakarudi. Mkanda wa mashine tuliubadilisha mara mbili. Mimi mwenyewe, nikiwa nimekanyaga saruji yangu kwa viatu vyote viwili, nilisema labda ni umeme.

Chai ikaharibika. Barua za waonjaji zikaja. Meneja akaleta injinia kutoka makao makuu, kijana nadhifu mwenye sanduku la vifaa lililofungwa kwa kufuli ndogo. Injinia alisema, na ni jambo la akili kabisa, kwamba ili aisikie mashine lazima kelele zote zizimwe. Kiwanda kikasimamishwa. Kuchekecha kukazimwa. Kimya kilishuka mpaka tukasikia ndege huko mashambani. Akaweka geji yake, mshale haukutikisika. Akachonga mwenyewe kipande cha rola, kikatoka kama kioo.

"Mashine haina shida," akasema.

Meneja aliangalia saa yake. Kiwanda hakiwezi kulala na majani yako kwenye vitanda vya kunyaushia. Akaagiza mitambo iwashwe. Mngurumo ukarudi nyuma ya ukuta, na ndipo akamgeukia Mzee Chumo. "Sasa wewe chonga, tuone."

Mzee akachonga. Mashine ileile, chuma kilekile cha injinia. Mawimbi yakatoka pale, mbele yetu sote.

Injinia alikuwa mtu wa adabu, akajishughulisha na kufuli yake. Meneja alinichukua kando, karibu na mkebe wangu wa ua.

"Kibet, wewe uko na yeye kila siku. Mikono ya mzee inatetemeka?"

Sasa nitawaambia nilichojua. Nilijua kwamba kwenye mashine ile mkono hugusa gurudumu mwanzoni tu, kuweka kina. Baada ya hapo chuma hujiendesha chenyewe kwa gia, na hata ungekuwa na homa ya malaria mkono wako hauwezi kuandika mawimbi yaliyopangwa vile, yaliyo sawasawa kuliko mwandiko wa mwalimu. Hiyo ni fizikia ya C. Nilijua pia kwamba mikono yake ilitetemeka akishika kikombe saa kumi na mbili asubuhi, kwa baridi, kama ya kila mtu Kericho saa kumi na mbili asubuhi.

Lakini nilikuwa nimeulizwa juu ya mwili wa mtu wa rika la baba yangu, naye amesimama hatua sita kutoka hapo. Nilifanya nilivyofunzwa. Niliinamisha kichwa, nikanyamaza. Kwetu hiyo ni heshima. Meneja hakutoka kwetu. Aliona kijana mwenye huruma ambaye hataki kusema ndiyo, akaisoma kama ndiyo.

"Nimeelewa," akasema, akanigusa bega.

Mzee alipoulizwa kama ana neno, alisema, "Mkono ni wangu." Basi. Wiki mbili baadaye alipewa barua, chai na mandazi, na chupa kubwa ya chai yenye maua mekundu. Alizungumza sentensi tatu za shukrani. Geji yake ya saa akaniachia ndani ya soksi.

Nilidhani nitafurahi kuwa na chumba changu. Mtu wa nyumbani, si ndiyo? Nilikaa kwenye stuli yangu mchana wa kwanza, nikatazama stuli ya pili, nikala nusu ya ugali. Mchana wa pili niliigeuza ile stuli itazame ukuta. Ikawa mbaya zaidi, ikawa kama mtu amenikasirikia. Nikairudisha. Watu wa karakana kubwa ya kiwanda walinikaribisha nikale nao, nikasema nitakuja, na kila siku saa saba ilinikuta palepale. Nilianza kusema na mashine, kwanza kwa matusi, baadaye nikiisimulia habari za mama na ng'ombe. Haikunijibu ila kwa mawimbi. Maana mawimbi hayakwenda na Mzee. Yalibaki nami, yaleyale, na meneja alisema nimerithi ugonjwa wa mwalimu wangu.

Hilo ningepaswa kulielewa siku ya kwanza: mtu ameondoka, ugonjwa umebaki. Lakini mwenye kosa ndiye wa mwisho kualikwa kwenye kesi yake.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa Jumapili. Mzee Chumo hakuwahi kushika chuma Jumapili maishani mwake, kwa hiyo hata mimi sikuwahi. Wiki hiyo rola moja ilivunjika meno na meneja akaniomba nichonge nyingine ili Jumatatu waanze nayo. Mama alikasirika, akaenda kanisani bila kuniaga. Kiwanda kilikuwa kimezimwa chote, mlinzi tu langoni na mimi. Nilichonga rola nzima nikiwaza dhambi zangu. Nilipopitisha ukucha, niliurudisha tena, nikadhani kidole kimekufa ganzi. Hapakuwa na mawimbi. Hata moja.

Jumatatu nilichonga nyingine, mawimbi yakarudi. Nikaenda kwa Wanjiru.

"Nataka uzime mashine zako dakika tano."

"Nizime chai ya watu, kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu."

"Wewe nani?" Lakini alinitazama usoni, akaacha mzaha. "Dakika tano, Kibet. Zikizidi nitasema ulinitisha."

Nilikuwa nimeweka sahani ya bati yenye maji juu ya mgongo wa mashine yangu. Mashine yangu yenyewe ilikuwa imezimwa. Maji yalikuwa na vipete vidogo, duara ndani ya duara, bila kukoma. Wanjiru akazima. Duara zikafa, maji yakalala. Alipowasha, zikaamka. Nikafuata kwa kiganja: ukuta unatetemeka, sakafu inatetemeka, na hapa, mahali palipokuwa na mfereji, mtetemo unapita juu ya saruji yangu nyekundu kama mtu anayevuka daraja, mpaka kwenye bonge la zege, mpaka kwenye chuma.

Mfereji haukuwa wa maji wala wa uchafu. Ulikuwa wa kutokuwa na kitu. Aliyeujenga alitaka mashine isishikane na dunia. Nami nikaishikanisha, nikapaka na rangi.

Nilichukua patasi na nyundo. Saruji ile ilinitoa jasho siku mbili, na nilipomaliza maji yalilala hata mashine zote zikiwaka. Rola zikatoka safi. Meneja alikuja mwenyewe, akapitisha ukucha bila kujua anatafuta nini, akanisifu mbele ya watu.

"Umetibu kilichomshinda injinia!"

"Si kutibu, bwana. Mimi ndiye niliyeziba. Na Mzee Chumo alifukuzwa bure."

Akanivuta kando, mahali palepale karibu na ua. "Hakufukuzwa, alistaafishwa. Alikuwa amekaribia. Faili imefungwa, Kibet. Ukifungua utaanza na jina lako."

"Basi lianze."

"Rudi kazini," akasema, bila ukali. Hakunifuta kazi, na barua ya kusahihisha hakuandika. Nimewahi kumlaumu, kisha nakumbuka ni nani aliyeinamisha kichwa.

Ikabaki mimi kwenda. Kwa mtu mwingine kutoka kwetu hadi Ndanai ni safari ya asubuhi. Mimi nilimuaga mama kama naenda Ulaya. Nilibeba nguo ya kubadilisha, mayai ya kuchemsha na majani ya chai kilo mbili, na nilipopita Litein nilikuwa tayari nimewakumbuka kuku. Mzee hakurudi kazini, nawaambia hilo mapema msije mkalingoja. Nilichokwenda kutafuta sikukijua vizuri. Nadhani nilitaka anigombeze, ili chumba kile kiwe na sauti nikirudi.

Mkewe alinipokea uani, ndoo ya maziwa mkononi. Nilimwamkia, nikauliza habari za Mzee.

"Yuko," akasema. Kisha, akishusha sauti, "Ameacha kugawa ushirika mtakatifu. Anasema atamwaga vikombe. Watu nao, unajua watu. Wanauliza mikono ya mtu hutetemeka kwa nini kama hanywi. Yeye tangu tuoane hajaonja busaa."

Mzee Chumo alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, mikono ndani ya mifuko ya lile koti la kaki. Sikumtambua mara moja. Alikuwa na ndevu. Mtu niliyemjua akinyolewa kila asubuhi kama sajini alikuwa na ndevu nyeupe hadi kifuani.

"Weri. Umepotea njia?"

"Sijapotea, Mzee. Nimekuja kusema neno."

"Keti kwanza."

Sikuketi. Nilijua nikiketi nitaanza na habari za mvua. Nilisema yote nikiwa nimesimama: Jumapili, sahani ya maji, ukuta, saruji. Nilisema kwamba nilijua mkono hauwezi kuchora mawimbi, nilijua siku ileile, na nilinyamaza. Nilipofika mwisho nilikuwa nikisema na viatu vyangu.

Alimtazama ng'ombe wake akinywa maji hadi akaondoka.

"Ile saruji," akasema, "ulichanganya kiasi gani na mchanga?"

"Moja kwa tatu, Mzee."

"Ndiyo sababu. Ungekuwa mvivu kidogo, ingepasuka yenyewe."

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka.

"Yule mzungu aliyeweka mashine," akaendelea, "aliniambia, Chumo, safisha hapa kila wiki. Nikasafisha miaka ishirini. Hakuniambia kwa nini. Alikuwa mkubwa wangu, ningemwulizaje? Na wewe nikakuambia safisha. Nilirudi kutoka likizo, nikaona umeziba, moyo ukasema kuna kitu. Lakini sikuwa na la kukuambia. Ningesema nini? Zibua, kwa sababu nilizoea?"

"Ungesema tu, Mzee. Ningezibua."

"Najua." Akatoa mikono mifukoni, akaiweka juu ya magoti, akaitazama kama vitu vilivyorudishwa na jirani aliyeviazima. Nilikuwa sijaiona tangu siku ya mandazi. "Unajua nimekaa hapa nikiiangalia hii kila siku. Nikishika kikombe, naona inatetemeka. Nikishika kalamu, inatetemeka. Kukamua maziwa nilimwachia mke wangu. Mtu akishaambiwa, anaona."

"Naiona iko sawa, Mzee."

"Wewe si daktari." Kisha akaita, kwa sauti niliyoijua, ile ya kuomba spana. Mkewe akaja. Akamwomba maji ya moto, sabuni, wembe na kile kioo cha chumbani.

Mama yule alinitazama, akamtazama yeye, akaenda ndani. Alileta vyote kwenye sinia, na wembe ulikuwa mpya, bado ndani ya karatasi yake. Mzee aliifungua karatasi polepole. Akajipaka povu mpaka ndevu zikapotea. Akanipa kioo nikishike mbele yake, akainua wembe, akausimamisha chini ya sikio kwa muda.

Akauteremsha mara moja, hadi kidevuni. Nyuma yake ngozi ikatoka safi, bila tone. Akausuuza wembe, akaanza mstari wa pili kando ya wa kwanza, sambamba nao, kama anachonga. Katikati ya mstari wa tatu akasimama, akanitazama juu ya kioo.

"Shika vizuri, weri," akasema. "Unanitikisia uso."

Nikakishika kwa mikono miwili, na haikusaidia.